Mpima Pambizo wa Mkoa wa Saba

Nimetakiwa nijieleze kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kwa nini asubuhi ya Siku ya Dola niliondoka ofisini saa nne kasoro robo bila ruhusa, nikiwa na rula ya chuo mkononi. Barua imesainiwa na Makamu Mkuu wa Chuo mwenyewe, tena kwa wino wa kijani, kwa hiyo si jambo dogo. Mimi sina ugomvi na mtu. Nina miaka ishirini na miwili kwenye utumishi na sijawahi kupewa hata onyo la mdomo. Nitaeleza yote, na nitaeleza taratibu, maana kwetu mtu akijieleza haraka wanasema ana la kuficha.

Jina langu ni Zakayo Mtimba, mpima pambizo wa Chuo Kikuu cha Dola cha Mkoa wa Saba. Kwa wasiojua, pambizo ni ile nafasi nyeupe inayobaki pembeni ya maandishi. Mwanafunzi wa shahada ya juu akimaliza tasnifu yake, kabla haijasomwa na mtahini yeyote, inaletwa kwangu. Naipima kwa rula ukurasa mmoja mmoja: kushoto sentimita nne, kulia mbili na nusu. Ikitimia nagonga mhuri, isipotimia nairudisha. Kwenye maandishi yenyewe siingii. Kazi yangu inaishia pale maneno yanapoanzia, na mpaka huo nilikuwa najivunia sana.

Miaka mitatu iliyopita ulikuja waraka kutoka makao makuu ya dola. Ulisema nchi jirani ina chuo chenye programu thelathini na tisa za uzamivu, na kwamba jambo hilo halivumiliki. Kila chuo cha mkoa kikaamriwa kiwe na programu arobaini ifikapo Siku ya Dola ya mwaka huu. Wakati huo sisi tulikuwa na mbili, Kemia na Kilimo, na ile ya Kilimo ilikuwa imesimama tangu ng'ombe wa mafunzo aibiwe.

Makamu Mkuu wetu ni Mheshimiwa Daktari wa Heshima Gaudensi Malipula. Udaktari huo alitunukiwa na chuo hiki hiki, kwenye sherehe aliyoiandaa mwenyewe akaionea haya mpaka akatoa machozi. Alituita ukumbini akatusomea waraka akiwa amesimama. Alisema ni kweli hatuna wahadhiri, hatuna maabara, na maktaba inavuja, ila tuna dhamira, na dhamira haivuji. Tukapiga makofi. Kuanzia mwezi ule, kila Jumatano ya mwisho wa mwezi programu moja mpya ikawa inazinduliwa. Ilianza Uzamivu wa Itifaki. Ikafuata Uzamivu wa Misafara, halafu Uzamivu wa Uongozi wa Juu, na mwezi uliofuata, baada ya wakubwa fulani kulalamika kwamba wamechanganywa na watu wadogo, Uzamivu wa Uongozi wa Juu Zaidi.

Tume ya Vyuo ikaweka masharti. Sharti la kwanza lilikuwa kila programu iwe na mlango wake wenye kibao. Tulihesabu milango yetu tukapata kumi na tisa, vyoo vikiwemo. Fundi seremala akaletwa, akapigilia milango mingine ishirini na moja ukutani, mizuri, ya mninga, yenye vitasa vinavyozunguka kabisa. Ukifungua unakutana na ukuta uliopakwa rangi safi. Wakaguzi walipokuja walihesabu arobaini, na kwa sababu ni watu wenye adabu hawakufungua hata mmoja. Mpaka leo kuna waombaji wanaobisha hodi kwenye mlango wa Uzamivu wa Mipango, na yuko mmoja anayeapa kwamba aliitikiwa akaambiwa arudi Jumatatu.

Sharti la pili lilikuwa kila programu iwe na profesa. Hapo jasho lilitutoka, maana profesa tulikuwa naye mmoja tu, Profesa Habakuki Luwumba, mkemia wa miaka sabini na moja, ambaye kustaafu kwake kulikuwa kumeahirishwa mara tatu. Makamu Mkuu akaisoma sheria upya, akaona haisemi popote kwamba profesa wa programu moja asiwe ndiye wa nyingine. Basi mzee akaandikwa kwenye zote. Kila Jumatano hiyo alivishwa joho, akapelekwa mbele ya mlango mpya, akakata utepe, akapigwa picha. Siku nyingine alifanya mazoezi ya kukata utepe wa mwezi ujao. Alikonda yule mzee, na joho likawa linamburuza.

Wanafunzi hawakukosekana. Walijiandikisha mia sita na kumi na wawili, wengi wao wakuu wa wilaya, wakurugenzi na wake zao. Wote walisoma kwa njia ya kutohudhuria. Aliyekuwa anaandika tasnifu kweli, kwa mkono wake na akili yake, alikuwa mmoja. Huyo ndiye Mwalimu Asteria Kipeta, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Mwalimu Asteria alikuwa anafundisha kemia shule ya sekondari ya Mtaa wa Stoo, mtaa ninaokaa mimi. Alikuwa ameona kwamba siku za michezo watoto wa mtaa wetu hawakimbii. Wanakaa pembeni wanashangilia wenzao. Akaanza kuulizauliza kuhusu Kisima Namba Tisa, kile kirefu tunachotekea maji. Alipokwenda wilayani kusema, walimwonyesha sheria. Sheria ya nchi yetu iko wazi: neno sumu, likihusu mali ya umma, litatamkwa na mwenye shahada ya uzamivu peke yake. Ni sheria nzuri, inazuia taharuki. Mtu wa kawaida akiwa na malalamiko juu ya maji anaruhusiwa kusema yana ladha tofauti.

Mwalimu akaondoka, akaja kujiandikisha kwetu. Alitaka kusema neno moja, na kwa ajili ya neno hilo alisoma miaka mitano.

Lazima niseme kidogo juu ya mtaa wetu. Sisi wa Mtaa wa Stoo tuna meno ya kahawia. Ukicheka mjini watu wanajua umetoka wapi, na sisi tulishazoea kujiona kama ukoo mmoja. Binti yangu Tegemea, mwenye miaka tisa, miguu yake imepinda kwenda nje kuanzia magotini. Mimi na mke wangu tulisema amerithi kwa bibi yake mzaa mama. Bibi yake aliposikia alikasirika, akapandisha kitenge mbele ya wageni kutuonyesha kwamba yake imenyooka. Halafu jioni moja mke wangu aliniambia kuna mwalimu amepita na vichupa, amechota maji kwenye mtungi wetu, akampima mtoto miguu kwa utepe. Nilifurahi. Nilimwambia mke wangu kupima ni jambo jema siku zote, kisha nikauliza kama chakula kiko tayari.

Tasnifu ya Mwalimu Asteria ililetwa mezani kwangu mara ya kwanza mwaka jana mwezi wa pili, nakala saba zilizojalidiwa. Nilipima kurasa mia mbili na kumi na moja, zote safi, nikaanza kumpenda yule mwanafunzi. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili ulikuwa na jedwali pana, na safu yake ya mwisho ilikuwa imevuka ikaingia kwenye pambizo ya kulia kwa milimita sita. Nikaandika kwenye fomu: imezidi, milimita sita, irudishwe.

Mara ya pili alipunguza ukubwa wa herufi, lakini kulikuwa kumetoka toleo jipya la mwongozo lililokataza herufi ndogo. Mara ya tatu alilaza karatasi, na toleo jipya zaidi lilikuwa limekataza kulaza. Mwongozo ulibadilika kila programu ilipozinduliwa, kwa sababu kila mkuu wa programu alitaka naye achangie chochote. Mara ya nne safu ilikuwa imerudi palepale ilipoanzia, milimita sita, na mimi kwa nia njema kabisa nikamshauri aikate. Safu zilikuwa tisa. Nilimwambia jedwali lenye safu nane bado ni jedwali.

Alikaa kwenye kiti cha wageni, akakunja mikono juu ya nakala zake. Alikuwa amechoka. "Hiyo ndiyo safu nisiyoweza kuikata, Bwana Mtimba," alisema. "Isome."

Nilimweleza kwamba mimi sisomi, napima. Nikamuuliza ina nini basi, anieleze kwa mdomo. Akanionyesha kiapo alichosaini siku anajiandikisha, fomu ya chuo chetu wenyewe, kinachomkataza mtafiti kumwambia mtu yeyote matokeo, hasa watu waliofanyiwa utafiti, mpaka tasnifu ipokelewe. Alilitamka neno "hasa" polepole, akiniangalia usoni. Nilimpongeza kwa uaminifu wake nikamrudishia nakala zote saba.

Akaenda kwa Profesa Luwumba, ambaye ndiye msimamizi wake. Mzee alikuwa na nakala yake tangu zamani, anatembea nayo kwenye mfuko wa joho. Siku moja alipita ofisini kwangu kupumzika, akaitoa, akaishika kwa mikono yote miwili. Akaniambia ameusoma ukurasa wa kumi na mbili mara thelathini na moja. Kila akifika hapo wanamwita akakate utepe, na akirudi amesahau ya nyuma, inabidi aanze upya. Alisema ni kazi nzuri sana, walau mpaka ukurasa wa kumi na mbili. Kisha macho yake yakajaa maji, nami nikajifanya natafuta kalamu. Kabla hajaikunja, kijana wa Itifaki akaja kumchukua.

Wiki mbili kabla ya Siku ya Dola, Makamu Mkuu aliitisha kikao kikubwa. Habari zilikuwa njema tupu. Programu thelathini na tisa zilikuwa zimezinduliwa, na ya arobaini ingezinduliwa siku yenyewe, mbele ya Waziri, pale pale Kisima Namba Tisa. Serikali ilikuwa imetandaza mabomba kutoka kisima hicho mpaka shule zote za mkoa, mia moja na nne, na maji yangefunguliwa siku hiyo. Kwa hiyo programu ya arobaini iliitwa Uzamivu wa Maji Safi. Kisima kitakuwa maabara yake, alisema, na watoto watakuwa mashahidi.

Mjumbe mmoja aliuliza kwa unyenyekevu kwa nini chuo chenye programu nyingi hivyo hakijahitimisha hata mtu mmoja. Makamu Mkuu akanitazama, nikasimama, nikaeleza habari ya milimita sita. Akaniita mbele. Akanishika bega akawaambia wajumbe, "Mnamwona huyu? Vyuo vingine vinatoa shahada kama karanga. Sisi hapa, milimita sita hazipiti. Ubora ndio huu, umevaa shati la mikono mifupi." Nilipewa cheti cha Mtumishi Hodari. Mke wangu alikitundika sebuleni, juu ya mtungi wa maji.

Wiki hiyo hiyo shule ya msingi ilimchagua Tegemea awe mtoto wa kunywa glasi ya kwanza mbele ya Waziri. Walisema wanataka mtoto wa mtaa wenye kisima, mwenye nidhamu, na mwenye baba hodari. Mke wangu alimshonea gauni refu la kufunika magoti. Usiku wa kuamkia Siku ya Dola sikupata usingizi kwa furaha. Asubuhi nilimkalisha nikampa maelekezo: ashike glasi kwa mikono miwili, asigugumie, na anywe yote, kwa sababu kubakiza mbele ya wageni ni utovu wa adabu. "Baba, hata tone?" aliniuliza. Nikamwambia hata tone.

Kisha nikaenda kazini, maana Siku ya Dola sisi wa ubora hatupumziki. Nilipanga kumaliza mapema niwahi sherehe saa nne. Saa tatu na nusu Mwalimu Asteria akaingia na nakala zake. Akanisalimu, akaziweka mezani. Nikafungua moja kwa moja ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Safu tisa, milimita sita.

Nikatoa fomu. Ilikuwa fomu mpya, ya toleo jipya kabisa la mwongozo, imefika juzi yake, na ilikuwa na mstari ambao ile ya zamani haikuwa nao. Mstari ulisema: Taja kilichovuka. Nikarekebisha miwani. Utaratibu ni utaratibu. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili nikawa natakiwa nijue maneno yenyewe ni yapi.

Safu ya mwisho ilikuwa kazi ya mzazi. Majina hayakuwemo, kiapo kilikataza majina. Nikaanza kunakili kwenye fomu: mkulima, mkulima, muuza mitumba, mlinzi, mkulima, fundi baiskeli, mpima pambizo wa chuo kikuu.

Niliandika hilo la mwisho vizuri, kwa mwandiko wangu uleule, halafu nikaweka kalamu chini. Katika nchi yetu yote wapima pambizo tuko wangapi? Makamu Mkuu huwa anasema niko peke yangu. Nikaweka rula chini ya mstari ule na kwa mara ya kwanza nikasoma kwenda ndani. Nyumba ya arobaini na saba. Mtoto wa kike, miaka tisa. Hunywa Kisima Namba Tisa tangu kuzaliwa. Meno, kahawia. Mifupa ya miguu, imepinda. Itaendelea kupinda asipobadilishiwa maji. Chini ya jedwali kulikuwa na sentensi moja yenye lile neno.

Nilimwangalia Mwalimu Asteria. Alikuwa analia bila sauti. Nilimuuliza saa ngapi, akasema saa nne kasoro robo. Hayo ndiyo maelezo ya kuondoka kwangu. Rula ilikuwa mkononi kwa sababu nilikuwa bado naishikia mstari.

Tulikimbia wote wawili. Pale kisimani kulikuwa na kamba, na nje ya kamba vijana wa Uzamivu wa Itifaki wenye orodha. Jina langu halikuwepo. Niliwaambia yule mtoto pale jukwaani ni wangu. Wakanijibu kwa heshima kwamba wazazi wanakaa upande wa kulia, na kulia kumejaa. Nilijaribu kuipita kamba, wakanishika mikono, pia kwa heshima.

Profesa Luwumba alikuwa amesimama karibu, ndani ya kamba, na mkasi wake. Nikamwita. Nikamwambia yeye ana shahada, sheria inamruhusu, alitamke lile neno mara moja tu kwenye kipaza sauti, basi. Mzee alielewa. Alitazama jukwaa, akamtazama Mwalimu Asteria, akashika mfuko wa joho pale tasnifu ilipokuwa.

"Nimefika ukurasa wa kumi na mbili, Zakayo," alisema. "Nitasema nini wakiniuliza ya mbele?"

Wakamwita, akaenda kukata utepe.

Barua haikuniuliza nilijisikiaje, lakini nitaandika. Niliogopa. Niliogopa kisima na niliogopa sheria, na nikiwa pale sikujua kipi nakiogopa zaidi, na hilo ndilo linaloniamsha sasa. Tegemea alikuwa ameshapewa glasi. Aliishika kwa mikono miwili. Ningeweza kulipayuka lile neno. Lilikuwa limefika hapa kooni. Lakini miaka ishirini na miwili ya utumishi nayo ilikuwa hapo hapo kooni, na kilichotoka ni kile kinachoruhusiwa.

"Tegemea!" nilipiga kelele. "Hayo maji yana ladha tofauti!"

Uwanja wote ukageuka. Makamu Mkuu akanitambua, uso ukamkunjuka, akachukua kipaza sauti. Akawaambia wageni kwamba huyo aliyesema ni Mtumishi Hodari wa chuo, mtu wa vipimo, mtu asiyepitisha hata milimita sita, na yeye mwenyewe amethibitisha kwamba maji haya si kama maji mengine. Waziri akacheka akapiga makofi. Watu wote wakapiga makofi. Mwalimu Asteria alikaa chini kwenye nyasi, na nakala zake zikamtawanyika mapajani.

Tegemea alikuwa hajajua nimefika. Aliposikia sauti yangu alinitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akaniona, akatabasamu. Kisha akanywa, taratibu, bila kugugumia, akageuza glasi juu chini na kunyanyua mkono ili nione kwamba hakubakiza hata tone.